Saba Saba Moja, Historia Mbili

Kila tarehe 7 Julai ikifika, redioni hutajwa kwa pumzi moja kuzaliwa kwa chama cha TANU jijini Dar es Salaam mwaka 1954, mkutano wa Kamukunji jijini Nairobi mwaka 1990, na Siku ya Kiswahili Duniani. Msikilizaji hudhani yote yana undugu. Undugu upo kwa mawili tu: UNESCO ilipoitangaza Siku ya Kiswahili mwaka 2021, iliichagua tarehe hiyo makusudi, kwa kuwa TANU ilikifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru. Kamukunji ni habari nyingine. Serikali ya Rais Moi wa Kenya ilipiga marufuku mkutano huo wa kudai vyama vingi, walioitisha, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wakiwa tayari kizuizini. Waliojitokeza walikabiliwa na polisi kwa virungu, mabomu ya machozi na risasi, na watu wakafa.

Wapo watakaosema tarehe moja husaidia kukumbuka. Ni kweli, hasa kwa mwanafunzi. Lakini kuchanganya sherehe na msiba huwapunja waliouawa. Watangazaji wenzangu, tukisoma matukio ya siku kama ya leo, tueleze pia ni nani aliyeichagua tarehe hiyo, na kwa nini.