Chakula cha Mama Mjamzito katika Boma la Mfugaji

Leo sisemi juu ya kupe wala josho. Nitasema juu ya chakula cha mama mwenye mimba, wala msishangae bwana mifugo kuingia jambo hili, maana sehemu kubwa ya chakula hicho inatoka zizini kwenu.

Chakula chenu cha asili ni kizuri. Maziwa hujenga mifupa ya mtoto tumboni, na nyama huongeza damu. Maini pia huongeza damu, ila yatosha kipande kidogo siku moja moja, si kila siku. Kwa jirani zetu Wakaguru mnapata mahindi, maharage, mchicha, mnavu na majani ya kunde. Ugali, mboga na mgando vinamshibisha mama kuliko soda na biskuti za dukani. Chai ya rangi asinywe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya kuongeza damu. Anywe baadaye.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Katika maboma mengi ya Kimasai, mimba ikikua mama hupunguziwa maziwa na nyama ili mtoto awe mdogo, azaliwe bila taabu. Bibi zetu hawakufanya hivyo kwa ubaya. Waliona akina mama wakifa kwa uchungu, na msaada uko mbali. Lakini ninyi mnamjua mtamba aliyeshika mimba akakutana na kiangazi. Huzaa ndama dhaifu, naye mwenyewe hushindwa kusimama, na kiwele ni kikavu. Mama aliyenyimwa chakula hukosa damu, na akitokwa na damu wakati wa kujifungua anakuwa hatarini zaidi. Mtoto akizaliwa chini ya kilo 2.5 huugua upesi. Tena mtoto mdogo anaweza kukwama akiwa amekaa vibaya tumboni. Njia salama ni kujifungulia penye mkunga aliyesomea kazi hiyo.

Maziwa hayo yachemsheni. Ninajua wengi wanasema yakichemka yanapoteza ladha. Lakini ng'ombe au mbuzi mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, hutoa vijidudu katika maziwa, na mama akiambukizwa naye anaweza kuharibu mimba. Kuyagandisha tu hakutoshi. Yachemke mpaka yapande, yapoe, ndipo muyatie kwenye kibuyu safi pamoja na kijiko cha mgando wa jana uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Yataganda vizuri. Damu mbichi asinywe, na nyama iive mpaka ndani. Homa inayokuja na kuondoka, pamoja na maumivu ya viungo, msidhani kila mara ni malaria. Mwambieni mganga kwamba mnafuga.

Mjamzito asizalishe ng'ombe wala kushika kondo au ndama aliyetupwa. Kazi hiyo aifanye mwingine, kwa mifuko au glavu, kisha achimbe shimo azike. Homa ya Bonde la Ufa ilifika mkoani Morogoro mwaka 2007, na watu wengi waliipata kwa kushika wanyama wagonjwa.

Wazee, hili ni lenu. Kiangazi mnapohamisha mifugo kufuata maji, akina mama hubaki bomani na watoto, na maziwa huondoka pamoja na ng'ombe. Kabla ya kuhama, kaeni mpange: kila boma lenye mjamzito libakize ng'ombe mmoja anayekamuliwa, au mbuzi wawili watatu, na kijana wa kuwachunga karibu. Majani makavu ya mahindi kutoka kwa wakulima yanunuliwe mapema, baada ya mavuno, kabla hayajachomwa shambani.

Kliniki aanze mapema, asingoje tumbo lionekane. Vidonge vya kuongeza damu ni kimoja kila siku, pamoja na chakula. Na mkihama naye, kadi ya kliniki aichukue.