Sungura: hatari huanza baada ya kisu

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Katika hadithi za bibi zetu, Sungura ndiye bingwa wa ujanja. Humlaghai Fisi, humponyoka Simba, na hadithi inapokwisha yeye yu hai na tumbo limejaa. Lakini yule sungura wa bandani, anayefugwa na watoto nyuma ya nyumba, ana ujanja mwingine ambao badala ya kumwokoa humwua. Akiumwa, huficha. Hapigi kelele kama mbwa wala halalamiki kama paka. Hujikunyata pembeni, akanyamaza, na mwenye nyumba akadhani amepumzika. Kumbe anakufa.

Wiki hii nazungumzia kuhasi sungura, na hasa zile siku zinazofuata baada ya kuhasiwa. Najua wapo watakaosema: watu hawana fedha za kujitibu wenyewe, huyu anatuletea habari za sungura! Naomba wanivumilie. Anayefunga kiumbe ndani ya banda amebeba dhamana, na dhamana haipimwi kwa ukubwa wa mnyama.

Pita vichochoro vya Mtoni, kuanzia Kwa Azizi Ali hadi Mtongani na Kijichi, utakutana na mabanda ya mbao na waya yaliyoegemezwa ukutani. Baadhi ya sungura wa humo ni kitoweo cha kesho. Wengine wamekwisha kupewa majina na watoto, na mnyama mwenye jina ni vigumu kumtia chunguni. Tatizo huanza pale baba anaponunua wawili ili wasiwe wapweke. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Jike huweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa. Watoto nao hufikia umri wa kuzaa wakiwa na miezi minne hadi sita. Kabla mwaka haujaisha banda limefurika, madume yanang'oana manyoya, mkojo unanuka hadi kwa mpangaji wa chumba cha pili, na maneno yameanza.

Hapo ndipo shauri la kuhasi linapozaliwa. Shauri lenyewe si baya. Dume aliyehasiwa hutulia, hupunguza kupigana na kukojolea kila pembe. Kwa jike faida ni kubwa zaidi, maana majike wasiohasiwa, wakishavuka miaka mitatu au minne, wengi wao hupatwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Ubaya uko katika namna tunavyolitekeleza shauri hilo.

Wako watu mitaani ambao huhasi mbuzi kwa wembe, au kwa koleo la kuhasia, na mbuzi akapona. Basi mtu huyo akiombwa kumhasi sungura hujibu, "Kama mbuzi naweza, huyu atanishinda nini?" Atamshinda. Mwili wa sungura umeumbwa vingine. Ile njia ya kinena inayounganisha tumbo na mfuko wa korodani, kwa sungura hubaki wazi maisha yake yote, ndiyo maana dume huweza kuzirudisha korodani zake tumboni. Ukikata bila kuifunga njia hiyo, utumbo unaweza kushuka na kutokeza nje kupitia kidonda. Zaidi ya hayo, sungura anayeshikwa kwa nguvu bila dawa ya usingizi hurusha mateke makali kiasi cha kuweza kujivunja uti wa mgongo. Na tusisahau kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Wembe bila ganzi ni mateso, hata kama nia ni njema.

Kwa hiyo kazi hii ni ya daktari wa mifugo. Lakini hata kwake, ndugu msikilizaji, usimkabidhi mnyama ukaenda zako ukidhani yamekwisha. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza juu ya wanyama wanaokufa kutokana na nusukaputi na dawa za kutuliza. Katika kila mbwa 1,000 waliopewa dawa hizo, hawakufika wawili waliokufa. Paka walikuwa wawili hivi. Sungura walikuwa 14 hivi. Hata walipohesabiwa wale tu waliokuwa na afya njema, walikufa kama saba katika kila 1,000. La kutia maanani zaidi ni kwamba karibu theluthi mbili ya sungura hao hawakufa wakati wa kupasuliwa. Walikufa baadaye, kisu kikiwa kimekwisha kuwekwa chini.

Kwa nini baadaye? Jibu liko tumboni. Utumbo wa sungura ni kama mashine ya kusaga isiyotakiwa kuzimwa. Anakula kidogo kidogo mchana na usiku, na chakula kipya ndicho kinachosukuma cha zamani. Akiumwa hali, asipokula utumbo husimama, ukisimama hujaa gesi na maumivu huzidi, maumivu yakizidi ndiyo hali kabisa. Mduara huo humwua mnyama ambaye kidonda chake hakina dosari yoyote.

Hivyo basi, tuanze na kabla ya upasuaji. Mbwa na paka hufungishwa chakula ili wasitapike wakiwa usingizini. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kumlaza njaa usiku kucha ni kumwanzishia ugonjwa. Ale nyasi hadi karibu na safari, na umfungie nyingine pamoja naye, aikute ile aliyoizoea anapozinduka. Akiwa anaharisha au anapiga chafya, ahirisha. Siku za joto kali la Januari na Februari mpeleke alfajiri, kwa maana sungura hatoki jasho na joto humlemea upesi.

Ukifika, usione haya kuuliza. Je, daktari amewahi kupasua sungura? Atampima uzito kwa mizani kabla ya kumchoma sindano, au atakadiria kwa macho? Atampa dawa ya maumivu ya siku ngapi? Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Anayechukizwa amekwisha kukujibu.

Sasa nyumbani. Saa za kwanza mwili wake huwa umepoa, hata kama sisi tunatokwa jasho. Mlaze ndani, mbali na feni, juu ya kitambaa safi au magazeti. Usimlaze juu ya maranda wala mchanga, maana vumbi huingia kidonda. Akishachangamka, mhamishe penye hewa na kivuli. Usimrudishe bandani nje usiku huo: kuna siafu, kuna paka wa mitaani, na nzi wakitaga kidondani utakuta funza.

Kisha hesabu mambo mawili: anachokula na anachotoa. Mpe nyasi, mchunga, au majani mengine aliyoyazoea, pamoja na maji safi kwenye bakuli. Tazama kinyesi chake. Vidonge vikiwa vidogo kuliko kawaida, au visipoonekana kabisa, hiyo ni taarifa. Sungura aliyepitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura, si wa kusubiri Jumatatu. Dalili nyingine ni kusaga meno kwa nguvu, macho nusu yamefumba, na mgongo kujikunja kama mpira. Kidonda nacho kitazamwe asubuhi na jioni kwa siku kumi hivi: kisivimbe, kisitoe usaha, nyuzi zisifumuke. Usimfunge kola shingoni bila agizo la daktari, kwa kuwa sungura hula kile kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka nyuma. Huo ni mlo wake wa halali, na kola humzuia.

Hapa nitoe onyo ambalo ningependa kila nyumba ilisikie. Kidonda kikionekana chekundu, wengi wetu hukimbilia duka la dawa. Tunanunua amoksilini, tunafungua kidonge, tunachanganya na maji, tunamnywesha. Dawa hiyo, pamoja na ndugu zake ampisilini na penisilini, sungura akizinywa huua vijidudu vyema vinavyosaga chakula chake, vile vibaya vikatawala, akaharisha hadi kufa. Umemtibu kidonda umemwua mgonjwa. Dawa yoyote itoke kwa daktari anayejua kwamba mgonjwa ni sungura.

Jambo la mwisho la uuguzi ni la wenye haraka. Dume aliyehasiwa leo si tasa leo. Mbegu zilizokwisha tengenezwa hubaki mwilini, na anaweza kumpa jike mimba kwa wiki nne hadi sita. Wengi wamemlaumu daktari kwa kazi mbovu, kumbe ni wao waliowarudisha pamoja mapema.

Na asiye na fedha za daktari je? Huyu ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa kuwa ndiye mwingi mitaani kwetu. Jawabu lake ni ubao na misumari. Tenganisha banda: majike huku, madume kule, na kila dume kubwa chumba chake. Ubao hauna nusukaputi, hauna kidonda, na hauhitaji kuuguzwa. Hautamkinga jike na saratani, hilo ni kweli, lakini ni bora mara mia kuliko wembe. Kisha aulize kwa afisa mifugo wa kata yake. Watu wa Mtoni hawako mbali na wataalamu: Wakala wa Maabara ya Veterinari, ulioanzishwa mwaka 2012, uko hapo hapo Temeke, na Morogoro Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya kufundishia madaktari wa wanyama. Elimu ipo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuitafuta kabla ya kuushika wembe.

Ndugu msikilizaji, watoto wetu hujifunza kwa sungura yule mambo ambayo hatuwafundishi kwa maneno. Wakimwona baba anampasua mnyama mwenye jina huku akipiga makelele, wamejifunza jambo. Wakimwona mama anaamka saa nane za usiku na tochi kuangalia kama amekula, wamejifunza jambo jingine. Uchaguzi ni wetu.