Kukabura, Ndege wa Kicheko

Ninyi mlio darasani, sogeeni karibu na redio, na kila mtu ashike kalamu yake. Somo letu la leo ni habari za kukabura, ndege wa Australia.

Huenda sauti yake mmekwisha kuisikia. Katika sinema za Tarzan, zilizotengenezwa Marekani tangu miaka ya 1930, husikika kicheko kikubwa msituni, na watazamaji hudhani huo ni msitu wa Afrika. Lakini Afrika si kwao kukabura. Watengenezaji wa sinema waliipachika tu sauti yake.

Kukabura ni jamaa ya mdiria, yule ndege mwenye mdomo mrefu ambaye huzamia samaki mitoni kwetu. Urefu wake ni sentimeta 40 hivi, yaani hapungui sana dhiraa moja. Kichwa chake ni cheupe, na mstari wa kahawia hupita jichoni. Yeye hategemei samaki. Hula panzi, mijusi, panya, hata nyoka. Hukaa kimya juu ya tawi akitazama chini. Akiona windo hushuka ghafula, hulikamata kwa mdomo, kisha hulipigapiga juu ya tawi mpaka life na kulainika.

Je, kwa nini anacheka? Kusema kweli, hacheki. Alfajiri na jioni jamaa yote hupaza sauti pamoja kuwaambia majirani: "Hapa pana wenyewe, msivuke mpaka." Na majirani hujibu vivyo hivyo.

Mume na mke hukaa pamoja miaka mingi. Watoto wao wengi hawaondoki upesi, bali hubaki kusaidia kuatamia mayai na kuwalisha wadogo zao. Wahenga wetu walisema, mkono mmoja haulei mwana. Hata hivyo, maisha ya kiotani ni magumu. Mayai huwa mawili au matatu, nayo hayaanguliwi siku moja. Chakula kikiwa haba, makinda wakubwa humdonoa mdogo wao, na mara nyingi hufa.

Sasa sikilizeni vizuri. Kukabura hutaga ndani ya tundu la mti mkubwa, kama mkaratusi wa zamani, au katika kichuguu cha mchwa kilicho juu ya mti. Mkaratusi huchukua miaka 100 au zaidi kabla haujawa na tundu la kumtosha. Mtu akiukata kwa kuwa ni mzee, kwa saa moja huvunja nyumba ambayo hata mjukuu wake hataiona ikirudi.

Jambo hili latuhusu na sisi. Hondohondo wetu pia hutaga ndani ya matundu ya miti. Basi, ndugu msikilizaji, kabla hujainua shoka, tazama juu kwanza. Huenda mti unaouona hauna faida una mwenyeji ndani yake.

Maneno ya kujifunza: kuatamia, kinda, windo, mpaka.

Maswali. Andikeni majibu katika madaftari yenu:
1. Kukabura hulifanya nini windo lake kabla ya kulila?
2. Kwa nini hupaza sauti alfajiri na jioni?
3. Taja mti mmoja mkongwe ulio karibu na kwako. Ni viumbe gani wanaokaa ndani yake?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.