Mafundi Waliovishwa Kanzu

Twende Pittsburgh, Marekani. Huko Frank Conrad, fundi wa kampuni ya Westinghouse, alizoea kupiga santuri katika gereji yake na kuzitangaza hewani. Duka moja likaanza kuuza redio za kumsikilizia. Wakubwa wake wakaona hapo pana biashara, na tarehe 2 Novemba 1920 kituo chao, KDKA, kikatangaza matokeo ya uchaguzi wa rais. Shabaha yao ilikuwa kuuza redio, wala si kuhubiri!

Lakini miezi miwili baadaye, Jumapili tarehe 2 Januari 1921, kituo hicho kilitangaza ibada ya jioni kutoka kanisa la Calvary. Mafundi wawili, mmoja Mkatoliki na mwenzake Myahudi, walivishwa kanzu za kwaya ili waumini wasishtuke. Naye mchungaji mkuu, Edwin van Etten, alikuwa na mashaka na chombo hicho, akamwachia msaidizi wake mahubiri. Ibada ile ikapendwa, ikawa ya kila Jumapili, na van Etten mwenyewe akaja kuhubiri redioni. Mimi humkumbuka kila niketipo mbele ya kipaza sauti hiki.