Kipimo Kimoja, Lakini Hatupimwi Wote



Mimi ni muuguzi hapa London. Nimeombwa kuzungumzia mitihani ya Kiingereza. Niseme mapema kwamba mtihani wenyewe siupingi. Mgonjwa akilalamika usiku kwamba kifua kinambana, ana haki ya kueleweka. Dozi iliyoandikwa vibaya inaua. Hoja yangu ni kwamba kipimo ni kimoja, lakini hatupimwi wote.

Kabla ya Januari 2016, muuguzi wa Hispania au Italia alisajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga (NMC) bila mtihani wa lugha, kwa sababu ya sheria za Umoja wa Ulaya. Mkenya aliyesomeshwa kwa Kiingereza miaka yote alitakiwa kufanya IELTS na kupata alama 7. Hadi leo, kwa upande wa viza, Mjamaika hatakiwi kuthibitisha Kiingereza chake. Mkenya, Mganda na Mtanzania lazima wathibitishe, kwa mtihani au kwa shahada iliyohakikiwa kwa malipo. Hapo kinachopimwa ni ulimi au pasipoti?

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya ajira za wauguzi. Novemba mwaka huohuo ikatangazwa Nairobi kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10. Wengi walicheka. Lakini hao ndio wanaojaza mafaili ya wagonjwa kwa Kiingereza kila siku! IELTS ya kitaaluma inataka ueleze grafu na uandike insha. Haikuulizi jinsi ya kumkabidhi mgonjwa kwa zamu inayofuata.

Sasa tazameni siasa yake. Novemba 2017 NMC ilianza kukubali OET, mtihani wa lugha ya watumishi wa afya. Desemba 2018 alama ya kuandika katika IELTS ikashuka hadi 6.5. Februari 2023 ushahidi wa mwajiri wa hapa ukaanza kukubalika kwa waliokosa alama kidogo, na kwa waliosomea uuguzi kwa Kiingereza. Je, Kiingereza kilibadilika? Hapana. Wodi zilikosa wauguzi, na watu walidai mabadiliko. Alama ya kufaulu hupangwa na watu waliokaa mezani, na mezani watu huzungumza.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, balozi zetu zidai kwa pamoja, kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwamba elimu yetu ya Kiingereza itambuliwe bila gharama za ziada. Pili, matokeo ya IELTS yanayokwisha baada ya miaka miwili yasimlazimishe mtu kulipa upya wakati anasubiri makaratasi.

Mtoto asiyelia hapewi titi. Sisi tumenyamaza mno.