Rungu la Serikali Si la Kukodishwa

(Hotuba ya wakili kwa wanaharakati na waumini, Ndanai)



Nimeombwa niseme juu ya desturi inayoenea ulimwenguni: serikali kuzikabidhi kampuni za watu binafsi kazi ya kutoza, kukamata na kufunga. Uingereza na Marekani zipo jela zinazoendeshwa na kampuni kwa faida. Kwa jirani zetu Watanzania, halmashauri kadhaa ziliwapa mawakala ushuru wa masoko na vituo vya mabasi. Wakala aliahidi kuipa halmashauri kiasi maalum. Kilichozidi kilikuwa chake. Hapo ndipo penye mtego.

Waumini mnaufahamu mtego huo. Dola ya Roma ilizoea kupiga mnada haki ya kutoza kodi. Ndiyo maana Yohana Mbatizaji aliwaonya watoza ushuru wasizidishe walichoamriwa, na Zakayo akaahidi kurudisha mara nne. Mtu akinunua haki ya kutoza, atatafuta faida yake mfukoni mwa mnyonge.

Nchi yetu yenyewe ilianza kwa mkataba wa namna hiyo. Mwaka 1888 Malkia wa Uingereza aliipa hati kampuni ya Imperial British East Africa. Kampuni ya wanahisa ikatoza ushuru na kuweka askari wake. Ilipoishiwa fedha, Uingereza iliichukua nchi mwaka 1895, na kampuni ikalipwa pauni 250,000. Wenye nchi hawakuulizwa lolote.

Ndugu zangu, kifungu cha 2A hakikufutwa Desemba 1991 ili tubadilishe bwana mmoja kwa mwingine. Kilifutwa ili mwenye mamlaka aweze kuulizwa. Leo polisi akikuumiza, unaweza kulalamika kwa IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Wakala wa kampuni hayumo katika mamlaka ya IPOA. Akimwaga nyanya za mama sokoni, serikali itasema, "Muulize mwenye kampuni"; kampuni nayo itasema, "Tumetumwa na serikali." Mama atabaki na nyanya zilizopondeka.

Hata hivyo sheria haijatuacha mikono mitupu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 20, inamfunga kila mtu kuheshimu haki za binadamu, kampuni zikiwemo. Kifungu cha 47 kinadai uamuzi wa haki, na kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari.

Basi, iwapo kaunti yoyote itapendekeza mpango huu, tudai mambo matatu. Kwanza, mkataba usomwe hadharani kabla ya kutiwa sahihi, kwani kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Pili, wakala alipwe ujira uliowekwa, asile sehemu ya ushuru wala faini. Tatu, kukamata mtu na kutwaa mali kubaki mikononi mwa afisa wa umma mwenye jina na nambari, na kaunti ikubali kwa maandishi kujibu mahakamani makosa ya wakala wake.

Mwulizeni mwakilishi wa wadi yenu mambo hayo matatu, naye ajibu mbele ya watu. Serikali inaweza kukodi trekta la kutengeneza barabara. Rungu ni amana ya wananchi, na amana haikodishwi.