Ubaguzi Katika Vinywa Vyetu: Lugha, Utani na Ukweli



Ubaguzi wa rangi tumezoea kuuzungumzia kama jambo la wengine. Unapotajwa, fikra zetu hukimbilia kwa makaburu wa Afrika Kusini, ambao utawala wao ulikoma mwaka 1994, au kwenye miji ya kikoloni iliyogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Historia hiyo ni ya kweli na haina budi kufundishwa. Hata hivyo, aliyeujua ubaguzi kwa kumtazama mbaguzi wa mbali hajajifunza kuutambua unapotoka kinywani mwake. Nyani, walisema wahenga, haoni kundule. Hoja yangu leo ni kwamba Kiswahili chenyewe kinatupa nyenzo za kuujadili ubaguzi wetu kwa ukweli.

Tuanze na msamiati. Neno "mstaarabu" limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya au kuwa kama Mwarabu. Kinyume chake ni "mshenzi", jina ambalo watu wa miji ya pwani, katika karne ya 19, walimwita mtu wa bara, asiye Mwislamu, ambaye aliweza kutekwa na kuuzwa. Unguja ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, neno lilibaki. Baadhi yenu mtasema kwamba anayemsifu jirani yake leo kwa ustaarabu hamfikirii Mwarabu hata kidogo. Nakubali. Asili ya neno si hukumu juu ya msemaji, na isimu haina kazi ya kupiga maneno marufuku. Lakini asili hiyo inatuonyesha kwamba kipimo cha utu kiliwahi kuwa nasaba, na kwamba kipimo hicho hakikuletwa chote na Mzungu.

Sarufi nayo husema. Viambishi vya ukuzi na udunishaji humtoa mtu katika ngeli yake: mtu huwa "jitu", watu huwa "majitu". Si kila "ma-" ni dharau, kwani twasema "marafiki" na "madaktari" kwa heshima zote. Ila anayesema "Mahindi" au "Maarabu", ilhali ngeli ya watu imempa Wahindi na Waarabu, amefanya uteuzi. Vivyo hivyo anayemwita mwenzake "chotara" mbele ya watu hufahamu kwamba hatoi taarifa tu juu ya wazazi.

Msemaji akiulizwa, kinga yake ya kwanza ni utani. Hapa inatupasa kuwa waangalifu, kwa kuwa utani ni asasi yenye kanuni. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, unaohusishwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, ni wa pande mbili: anayetania hutaniwa, na siku ya msiba mtani hufika kusaidia. Kejeli ya mwajiri kwa mtumishi wake wa ndani, au ya wengi kwa mmoja darasani, haina sifa hizo. Anayekejeliwa hucheka kwa sababu hana ruhusa ya kujibu. Basi kipimo ni rahisi: je, yule mwingine angeweza kukujibu kwa neno la uzito uleule, na kesho mkasalimiana?

Mazungumzo ya kweli yanahitaji, kwa maoni yangu, mambo mawili. Kwanza, tutenganishe nia na athari. Msemaji ndiye ajuaye nia yake. Athari huijua aliyeambiwa, naye asikilizwe kabla ya kusahihishwa. Pili, tujadili tendo badala ya kumpachika mtu jina. Ukimwambia mwenzako "wewe ni mbaguzi", atajitetea na mjadala utakufa. Ukimuuliza, "Ungemkataa mchumba huyu wa binti yako kama angekuwa wa kabila lako?", umempa swali analoweza kulijibu hata akiwa peke yake usiku.

Wanafunzi wangu, ninyi ndio mtakaoandika kamusi na vitabu vya kiada. Mkikuta neno lenye dharau, msilifute wala msilipambe. Elezeni limetumiwa na nani, dhidi ya nani, na kwa faida ya nani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.